Wekundu wa Yaoyao

Ting.

Kimya kifupi. Ting. Kimya. Ting. Kimya. Tok.

Baada ya tok ilifuata sauti isiyohitaji sikio la fundi: nyundo, kisha vipande vya kauri vikimwagika ndani ya pipa.

"Hilo limekufa," alisema Dada Rao kutoka upande wa pili wa meza, bila kuinua macho.

"Lilikufa tanurini," alijibu Zha Genshui. "Mimi nimelizika tu."

Alichukua jingine. Alilisimamisha juu ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto, akaligonga ukingoni kwa kijiti cha mwanzi. Bakuli zima huimba. Lenye ufa hukohoa, hata kama ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Kwa miaka kumi na tisa hakuna bakuli lililotoka katika ghala lile la mji wa kauri wa Jingdezhen bila kupita sikioni mwake. Chini ya mabakuli kulikuwa na chapa ya kiwanda. Jina la Genshui halikuwapo popote, wala hakulidai. Alijua tu kwamba kila meza iliyokaa na bakuli lisilovuja supu ilikuwa na deni la heshima kwake, na hilo lilimtosha kutembea kifua mbele.

Siku hiyo walikuwa wamefungua tanuri la mabakuli mekundu. Wekundu ule hauagizwi. Moto ukipenda, hutoa rangi ya damu iliyo hai; usipopenda, hutoa rangi ya ini lililolala. Dada Rao alisukuma bakuli moja katikati ya meza.

"Fundi Zha, tazama huyu mlevi."

Lilikuwa jekundu kuliko yote. Lakini rangi ilikuwa imetiririka kupita kiasi, ikavuka mstari wa chini, ikaukamata mguu wa bakuli na kuugandisha na kigae lilichokalia motoni.

"Rangi nzuri hivi," alisema Genshui, akiligeuzageuza.

"Rangi nzuri, mguu umezama. Utalisimamisha wapi? Piga!"

Alilipiga. Lakini nyundo yake ilichelewa kidogo, na Dada Rao aliona.

"Unamfikiria binti yako."

"Binti yangu hana kosa lolote."

"Nani kasema ana kosa? Nimesema unamfikiria."

Yaoyao alikuwa na siku tisini na saba. Wiki ya pili tangu azaliwe, kidoa hafifu kilitokea juu ya nyusi yake ya kushoto. Wiki ya tano kilikuwa kimeumuka, kikawa baka jekundu, laini, lenye ngozi ya vipelepele kama stroberi. Majirani waliguna. Genshui alimwinua mtoto hadharani na kusema, "Moto umemtia sahihi!" Ndipo akampa jina la nyumbani, Yaoyao, yaani tanuri. Wanawake wa mtaani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mama yake Genshui hakucheka. Alishona kofia ya chuimilia, yenye masikio na masharubu, akaifanya kubwa makusudi ili paji lote lifunikwe.

"Bakuli lenye doa unalipiga nyundo," alimwambia mwanawe, "mtoto mwenye doa unamtembeza sokoni! Mpelekeni hospitali doa likachomwe kwa mwanga kabla ya sherehe ya siku mia tangu azaliwe. Wageni watasema nini?"

"Watasema wamebahatika kumwona."

Daktari walikuwa wamemwona, mtoto alipotimiza mwezi. Alisema mabaka ya namna ile mengi hukua miezi michache, kisha hufifia yenyewe miaka inavyokwenda. Wasiwe na haraka. Alisema pia kwamba likishuka jichoni wasingoje hata siku moja. Nusu ya kwanza Genshui aliibeba mtaa mzima kama bendera. Nusu ya pili aliiacha mle mle chumbani kwa daktari.

Saa sita mchana mkewe Caixia aliingia ghalani na mkebe wa wali na machipukizi ya mwanzi. Nyuma yake alikuja bibi na mtoto mgongoni, kofia ya chuimilia ikiwa imeshuka hadi puani.

"Mama, mtoto anapumulia wapi?" aliuliza Genshui.

"Anapumulia pua. Kula."

"Mvue kofia. Humu ndani hakuna mgeni."

"Kuna mimi," alisema Dada Rao. "Nami nimekuja kumwona huyo chui."

Genshui alimchukua mtoto, akamkalisha mapajani, akaisukuma kofia juu. Akashika bakuli jeupe na kuligonga. Ting. Yaoyao aligeuka. Akalipitisha bakuli polepole kutoka kulia kwenda kushoto, na uso mdogo ukalifuata kama ua linavyofuata jua.

"Mnaona?" alisema, mashavu yamemjaa. "Siku tisini na saba, tayari anakagua mzigo! Dada Rao, tafuta kazi nyingine."

Kofia iliteleza, ikaangukia jicho la kushoto. Yaoyao hakujali, aliendelea kulifuata bakuli, akicheka kwa ufizi. Kofia ikateleza upande wa pili, ikafunika jicho la kulia.

Mtoto alipiga ukelele.

Caixia aliirudisha kofia juu. Kilio kikakatika.

"Hapendi kofia tu," alisema bibi.

Genshui aliivua kofia kabisa. Mtu wa kazi yake haamini sauti moja. Hugonga mara tatu. Alilifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Ting. Uso ulilifuata bakuli. Akalifunika la kulia. Uso ulitangatanga, mikono ikatupwa hewani, kilio kikapanda. Kushoto: kicheko. Kulia: kilio. Kushoto. Kulia.

Ndipo alipoutazama uso wa binti yake kama alivyotazama mabakuli, bila kumwonea huruma wala fahari. Wekundu haukuwa tena juu ya nyusi. Ulikuwa umeivuka, ukaijaza kope ya juu, na kope ilikuwa imelala juu ya jicho kama pazia zito. Jicho la kulia lilikuwa mviringo. La kushoto lilikuwa mstari.

Yeye, aliyesikia ufa mwembamba kuliko unywele, hakuwa ameona hili. Kila asubuhi alitazama rangi, hakutazama ilikofika.

Aliweka bakuli chini taratibu.

"Caixia, chukua kadi ya hospitali. Tunakwenda sasa hivi."

"Leo? Wakimlaza, wageni wa siku mia je? Meza sita zimeshaalikwa."

"Wakae wale. Sisi tunakwenda."

Bibi alinyoosha mgongo. Miezi mitatu alikuwa akiisubiri saa hiyo. "Nilisema! Nilisema liondolewe, ukanijibu rangi, rangi!"

Genshui alihisi uso ukimwaka kuliko mlango wa tanuri.

"Ulisema, Mama. Nimekosea, na nasema mbele ya Dada Rao ili mji mzima ujue kabla ya jioni." Dada Rao alikohoa. "Lakini sikiliza. Wewe ulitaka liondoke ili watu wasilione. Mimi nataka lipungue ili yeye awaone watu."

Bibi aliokota mkebe wa wali na kuutia kapuni. "Utakulia njiani," alisema.

Hospitalini daktari, mwanamke mwenye sauti kavu, alimulika jicho kwa kurunzi, akapima, akamulika tena.

"Jicho lenyewe ni zima," alisema. "Limefunikwa tu. Lakini kwa mtoto, jicho lisilopata picha ubongo huacha kulisikiliza. Mkisubiri lififie lenyewe, baka litakwenda na uwezo wa kuona utakuwa umekwenda nalo. Ipo dawa ya maji, ya kunywa baada ya kunyonya. Mtalala hapa siku chache tuuangalie moyo wake. Baadaye mtakuwa mnalifunika jicho la kulia kila siku kidogo, la kushoto lilazimike kufanya kazi."

"Atabaki na alama?" aliuliza Caixia.

"Huenda ikabaki kidogo."

"Na ibaki," alisema Genshui.

Daktari alimtazama. "Nani aligundua?"

"Kofia," alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu mchana bibi alitabasamu.

Kwa hiyo siku ya mia iliwakuta wadini. Bibi alileta mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, akawagawia wauguzi kama vile wadi ndiyo iliyokuwa ukumbi. Kisha akakaa kwenye benchi, akaifumua kofia ya chuimilia paji lote, akaikunja juu na kuishona upya, uzi akiukata kwa meno. Chuimilia alibaki na masikio na masharubu, na nafasi wazi pale palipokuwa na paji.

Yaoyao alikuwa amekwisha nyonya na kumeza dawa. Uzi mwembamba wa mashine ulitoka kwenye wayo wake, na moyo wake ulipita kwenye kioo, mruko baada ya mruko, bila kukosea.

Genshui alitoa kifukoni kikombe cheupe alichokuja nacho kutoka ghalani. Aliketi, akamweka binti yake mapajani, akalifunika jicho la kulia kwa kiganja kilichochubuliwa na kauri. Mtoto akaanza kunung'unika. Akakigonga kikombe kwa ukucha. Ting. Chini ya wekundu, katika ule mstari mwembamba, kitu cheusi kinachong'aa kilisogea kidogo, kikapotea, kikasogea tena.

"Nisikilize, Yaoyao," alisema kwa sauti ya kutosha wadi nzima kusikia. "Siku utakayokifuata kikombe hiki kwa jicho hili peke yake, nitakubeba kichwa wazi kutoka mlango wa tanuri hadi mtoni, saa ya soko, polepole. Na atakayeuliza ile alama ilikuwa nini, nitamjibu nawe ukisikia: ilikuwa yake, na ilikuwa nzuri."