Moshi wa Makongoro

Kongoro la ng'ombe likibabuliwa hutoa harufu isiyo na adabu hata kidogo. Manyoya yanaungua, kwato inaungua, mafuta yanadondokea kwenye moto wa matairi mabovu, na moshi wake hauendi zake kama moshi wa watu wengine. Unaingia kwenye nywele, unaingia kwenye kanga, unaingia kwenye godoro na kulala humo. Lusia alizaliwa ndani ya harufu hiyo, na kwa miaka ishirini na moja aliichukia upya kila asubuhi.

Mama yake, Paskazia, alikuwa akibabua makongoro nyuma ya machinjio, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, yeye na wanawake wengine wanne. Wachinjaji wakimaliza kazi yao, wao hupokea miguu, huitupa motoni, hugonga kwato mpaka zing'oke, kisha hukwangua kwa kisu mpaka ngozi iwe na rangi ya chai. Jioni makongoro hayo yanakuwa supu katika mtaa wao mzima wa Kambarage. Wanywaji wanalamba vidole, wanasifia, wanaongeza bakuli la pili, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa jirani na Paskazia kanisani kwa hiari yake. Lusia aliliona hilo tangu angali mdogo: benchi la mbele limejaa, la nyuma limejaa, na wao wawili katikati wana nafasi ya kutosha kulala. Shuleni hakuitwa Lusia. Aliitwa Kongoro, hata mwalimu mmoja wa hesabu akajisahau akamwita hivyo mbele ya darasa.

Ndiyo maana alitaka urubani. Wengine watakwambia walipenda sare, au walipenda kuona nchi za watu. Lusia alitaka mahali pasiponuka, basi. Alizitazama ndege ndogo zikipita kupeleka watu kwenye migodi ya Geita, nyeupe, safi, akajisemea kwamba kule juu hakuna mtu anayebabua kitu chochote.

Nafasi aliipata kwenye kiwanja cha vumbi kilichoachwa na kampuni moja ya pamba. Pale Kapteni Valerian, rubani mstaafu, alikuwa na ndege mbili zisizo na injini, glaida, alizoachiwa na mhandisi wa kigeni aliyemaliza mkataba wake mgodini. Kapteni alishikilia kwamba rubani lazima aanzie hapo, maana injini inamfundisha mtu uvivu. Winchi ya kuzivuta glaida hewani iliundwa na Chacha, fundi aliyemaliza nusu ya umri wake Geita akivuta mawe ya dhahabu kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji. Taratibu za shimoni hakuziacha. Kama kamba haijatikiswa mara tatu, havuti, hata umpigie kelele namna gani. Alisema shimoni amemwona mtu akivutwa kabla hajawa tayari, na hataki kuona tena.

Watu wa kiwanjani Lusia aliwaambia kwamba mama yake anauza vitenge. Nguo zake za kurukia alizifunga ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha sabuni, akaziweka kwa jirani. Alikuwa anaoga mara mbili kabla ya kwenda, na bado akifika alikuwa anasimama upande ambao upepo hautamchongea.

Mwaka huo chuo kimoja cha urubani cha Dar es Salaam kilimwandikia Kapteni kwamba kitampokea bure mwanafunzi wake mmoja, ilimradi awe amekaa hewani nusu saa, peke yake, kabla Septemba haijaisha. Lusia alikwisha jaribu mara mbili. Mara ya kwanza alishuka baada ya dakika kumi na moja, mara ya pili kumi na saba. Ilibaki Jumamosi moja tu, kisha glaida zingefunguliwa kwa ukaguzi, na nafasi ingekwenda kwa mtu mwingine wa kiwanja kingine. Bila chuo hicho angebaki Kambarage, na Lusia alijua vizuri ni kazi gani ilikuwa inamngoja Kambarage.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo alimkuta mama yake amevaa gauni la kanisani.

"Leo nije nikuone?" Paskazia aliuliza. "Wenzangu nimewaaga. Na nimejisugua kwa limao tangu alfajiri, nusa mwenyewe."

Lusia alinusa. Juu limao, chini moshi, na vikichanganyika vilikuwa vibaya kuliko moshi wenyewe.

"Mama, usije."

"Nitasimama mbali, kule kwenye miti."

"Utanuka. Watajua."

Paskazia alibaki amesimama kidogo, akilinyoosha gauni lake kwa kiganja mahali ambapo halikuwa na kunyanzi. Kisha akasema, "Haya, mama. Uruke salama," akaingia ndani, akatoka na gauni la kazini, akashika njia ya machinjio.

Saa sita na robo Kapteni alimfunga mikanda, akamvalisha kofia yake mwenyewe ya kitambaa kwa sababu ya jua, akafunika kioo. Kamba ikatikiswa mara tatu. Chacha akavuta, na glaida ikapanda mpaka futi elfu moja na mia tatu, Lusia akaachia kamba. Baada ya hapo hakuna kelele tena ila upepo.

Na upepo haukuwa na msaada. Kapteni alikuwa amemfundisha kwamba hewa iliyopata moto ardhini hupanda. Ukiipata, zunguka ndani yake, nayo itakubeba. Itafute juu ya mashamba makavu, juu ya mabati, juu ya moto, na ukiona ndege wakubwa wanazunguka bila kupiga mbawa, wafuate. Lusia alifuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Ndege wakubwa wa Shinyanga ni wale korongo wa dampo wenye upara, wenye mfuko unaoning'inia shingoni na miguu waliyoichafua wenyewe, na wao huzunguka juu ya machinjio. Mara zote mbili zilizopita alielekea kusini, kwenye mashamba ya mtama. Kapteni alipomuuliza kwa nini haendi kaskazini hata siku moja, alijibu kwamba upepo haukumruhusu.

Leo tena akaenda kusini. Mtama ulikuwa umevunwa, wingu jepesi limefunika jua, na mshale wa kipimo cha kupanda na kushuka ulikuwa unalala chini tu. Dakika ya nane alikuwa futi mia tisa. Ukifika mia saba, sheria ni kurudi kiwanjani, hakuna mjadala. Akatazama kaskazini. Wale wenye upara walikuwa huko, kama kumi hivi, wanapanda raha mustarehe.

"Nyie washenzi," akawaambia, akageuza glaida.

Alipofika karibu nao, mshale ukanyanyuka, kiti kikamsukuma kwa chini, na papo hapo kupitia kijidirisha cha pembeni ikaingia harufu. Manyoya, kwato, tairi. Alikuwa futi mia nane juu ya ardhi, ndani ya chombo cheupe, safi, na ilikuwa imemfuata mpaka huko! Lusia akasikia kinyaa kinampanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno. Akafunga kijidirisha kwa kishindo, akalaza bawa upande wa pili, akakimbia. Hakufikiri. Mwili wenyewe ulikimbia, kama watu walivyokuwa wakilikimbia benchi lao kanisani.

Mara mshale ukaanguka. Futi mia saba na themanini. Mia saba na arobaini. Wale ndege nao, kwa kuogopa bawa lake, walikuwa wametawanyika, kwa hiyo hakuwa na wa kumfuata tena. Hewa haionekani kwa macho, na wingu limefunika jua. Kitu kimoja tu ndani ya anga lile lote kingeweza kumwonyesha mahali pa kupandia, na alikuwa amekifungia dirisha.

Alilifungua. Akatukana kwa Kisukuma, akageuza tena, akavuta pumzi ndefu kwa pua.

Harufu ikawa hafifu, akajua amepita pembeni. Akalaza bawa kushoto, ikakolea, mshale ukanyanyuka. Ikipungua, anakaza mzunguko. Ikikolea, anatulia. Alizunguka hivyo akiongozwa na pua, macho yakimtoka machozi, na kila mzunguko kiti kilimsukuma juu. Dakika ya kumi na tisa alitapika kwenye kofia ya Kapteni, kwa kuwa hapakuwa na pengine, akaikunja, akaiweka miguuni, akaendelea kunusa. Elfu moja. Elfu moja mia tano. Elfu mbili. Dakika ya thelathini ilipita bila yeye kuiangalia saa.

Alitua akiwa na dakika thelathini na nane. Chacha, mtu asiyecheka, alicheka. Kapteni alifungua kioo, akamshika mkono, kisha akarudisha kichwa nyuma.

"Humu mnanuka nini?"

"Machinjio, Kapteni. Hewa ilikuwa inapanda pale. Na kofia yako nitaifua."

"Pua yako ndiyo iliyokubeba?" Kapteni akapiga paja kwa furaha. "Mimi nimeruka miaka thelathini, sijafanya hivyo. Wanachoma nini pale?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Watu wanne walikuwa wanamtazama, wote wanampenda kwa dakika ile.

"Sijui," Lusia akasema.

Akasaidia kuisukuma glaida bandani. Akapongezwa, akapewa soda, akainywa. Lakini ladha ya lile neno ilikuwa mbaya kuliko matapishi. Njia nzima ya kurudi Kambarage alijionea kinyaa yeye mwenyewe, kinyaa kile kile cha kwenye meno, na hiki hakikuwa na dirisha la kufunga.

Alimkuta mama yake ameketi mlangoni, upande wa nje, pale ambapo upepo unaichukua harufu yake na kuipeleka barabarani. Ndivyo alivyozoea kuketi Lusia akiwa nyumbani. Miaka yote Lusia alidhani anapenda tu kutazama wapita njia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuona." Uso wa Paskazia ulikuwa umejaa furaha. "Kule motoni Mageni ndiye aliyekuona kwanza. Akasema, hebu tazameni kile kindege, mbona kinatuzunguka? Nikamwambia, huyo ni mwanangu. Ananisalimia, kwa vile sikwenda. Nikakupungia, nilikuwa na kongoro mkononi, nikakupungia nalo hilohilo. Uliniona?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi tu, na lingemfurahisha mama yake mwezi mzima.

"Sikuwa nakusalimia, Mama," alisema. "Nilikuwa nafuata harufu. Moshi wenu ndio uliokuwa unapanda. Nilipoukimbia, nilianguka, ikabidi niurudie. Nimetapika. Halafu Kapteni ameniuliza mnachoma nini pale, nikamwambia sijui."

Paskazia alitazama kucha zake, nyeusi kwa masizi.

"Dakika zako umezipata?"

"Thelathini na nane."

"Kwa moshi wangu."

"Kwa moshi wako. Na bado unanuka, Mama. Nisikudanganye. Unanuka sana."

"Najua nanuka," Paskazia akasema. "Pua ninayo."

Lusia akaketi kizingitini, ubavu kwa ubavu naye. Harufu ikamjia nzimanzima, ile ile ya siku zote. Hakusogea.

"Jumamosi ijayo Kapteni atanipa cheti. Nataka uje."

"Na hali hii?"

"Uje nayo hivyo hivyo. Nataka aisikie harufu hiyo mwenyewe, nimwambie ni nini na ni ya nani."

Paskazia aliinuka, akaingia ndani. Sauti yake ikasikika kutoka jikoni ikiuliza kama yale malimao mawili yaliyobaki ayaweke kwa ajili ya siku hiyo.

"Tia kwenye supu," Lusia akamjibu.