Mkono wa Ivo Malaguti

…na mikono saba ilikuwa juu tayari kabla Rais Benassi hajamaliza sentensi, mikono ya kamati nzima ya klabu, mmoja bado umeshika biskuti, ila wa nane, wa Ivo Malaguti, mkurugenzi wa timu za vijana, ulilala mezani kando ya kahawa kama samaki aliyekosa mnunuzi, na Benassi, ambaye mji mzima humwita Daktari ingawa hajatibu hata paka, akarudia kwa upole wa mwenye kiwanda cha vigae, "Ni jambo dogo, Ivo, mtoto wa miaka kumi na minne asiyefika mita moja na sentimita sabini tunamwacha aende zake, siku hizi beki ni mnara," mnara, sawa, na sisi tuliobaki ni njiwa, Ivo akawaza, watoto kumi na tisa waliopimwa jana kwa penseli kwenye mlango wa bafu, viatu wamevua, naye umri huo alikuwa mita moja na sitini na nane, soli zikiwemo, na bado akacheza mechi mia nne na kumi na mbili, washambuliaji warefu akiwatia mfukoni kama leso… "Tunasubiri mkono wako tu, Mkurugenzi," akasema Bi Ornella, katibu, kwa kuwa katiba ya klabu yataka kauli moja, na kauli moja hiyo alikwisha kuipiga chapa kwenye muhtasari wa kikao tangu Jumanne, stempu ya serikali imebandikwa, na stempu ya nchi hii ikigusa karatasi haibanduki, ni rahisi zaidi kubandua mtoto… mkono wangu, mbona mkono wangu unaijua njia, ulipanda wenyewe ile Jumapili ya Mei, dakika ya tisini na mbili, yeye nahodha, sare tu ingewabakiza kwenye daraja lao, mpira ukapita nyuma yake na yeye, badala ya kukimbia, akasimama akanyoosha mkono kudai mtu ameotea, kama wafanyavyo mabeki wa hapa tangu kuachishwa ziwa, akamtazama mshika kibendera, kibendera kiko chini, kimelala usingizi wa haki, na yule mshambuliaji, mfupi kuliko yeye, akaenda akafunga, wakashuka daraja, na miaka ishirini na tisa baadaye kinyozi Dorino bado humpokea mlangoni mkono juu, "Ameotea, Ivo?", na hata siku ya ndoa yake padri alipoinua mkono kubariki, viti vya nyuma vilicheka… kocha Nerio peke yake hakucheka wala hakutukana, alisema, "Mkono si bendera, mwanangu, kimbia kwanza, ulalamike ukirudi," na msimu mzima uliofuata akamfanyisha mazoezi mkono wa kulia umechomekwa kiunoni mwa bukta, wenzake wakimwita Napoleoni… "Ivo, tusiharibiane siku," Benassi anasema, "asiye nasi leo, Jumatatu hana ofisi," ofisi, kile chumba cha mipira chenye dirisha, nacho anakipenda, Mungu anisamehe, nakipenda hadi harufu yake, na kwa ajili yake amenyoosha mkono humu miaka kumi na moja, kwa jezi mpya mbaya, kwa kuuza uwanja wa pili, kwa kumpongeza Daktari kwa kuzaliwa, na kila mara, sasa anaona, alikuwa akitazama pembeni kama kuna kibendera, akingoja mtu mwingine asimamishe mchezo, kumbe mechi ile ya Mei haijaisha, kumbe bado amesimama palepale kwenye nyasi… "Daktari, tushushe?" anauliza Fantuzzi mwenye bega bovu, "Usishushe, hatujahesabu," Fantuzzi anabadilisha mkono, biskuti inadondoka, Bi Ornella anaitazama stempu yake kama mtu amtazamaye mgonjwa mahututi, "Mkurugenzi?", na Ivo, polepole, mezani hapo hapo, anautoa mkono wake wa kulia kando ya kikombe na kuuchomeka kiunoni mwa suruali yake ya suti, hadi kifundo cha mkono, ndani kuna joto, wacha wangoje, wao ni wazee na mikono ya wazee huchoka, yeye dakika za nyongeza amezicheza mvuani, mikono saba inatetemeka hewani, hakuna kibendera, hakijawahi kuwepo, mpira uko nyuma yake, na safari hii amekwisha kugeuka.