Ruhanga wa Mama Mkwe

Mtoto wangu alikuwa bado hajajua kufungua macho vizuri, na tayari bibi zake wawili walikuwa wanamvutania kama kitenge cha mwisho sokoni. Mmoja ni Winifred, mama mkwe wangu, Mprotestanti aliyeingia kambi ya wakimbizi Uganda akiwa msichana, akatoka bibi. Mwingine ni shangazi yangu Athanasie, Mkatoliki wa Bujumbura, mwanamke ambaye hata kutia chumvi kwenye sufuria hufanya kwanza ishara ya msalaba. Mimi, Mukunde, nilikulia Karagwe, Tanzania, na maisha yangu yote nimesali kwa Kiswahili. Hakuna aliyeniuliza chochote. Mimi nilikuwa nimezaa tu.

Ilikuwa Novemba 1994, mtaa wa Niboye. Tulikuwa tumerudi Rwanda miezi michache nyuma, kila mtu na lafudhi yake na Biblia yake. Tulikaa katika vyumba viwili vya uani kwa mama mmoja mzee, Nyiransabimana, ambaye hakuwahi kukimbilia nchi yoyote. Vyumba vile vilikuwa vya wanawe. Hakutaka kodi. Alisema anataka tu kusikia mtu akikohoa upande ule.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Baba mkwe wangu alifia kambini. Kila jioni alifungua Biblia yake ya Kinyankole, lugha ya kule Uganda, ambamo Mungu anaitwa Ruhanga, akamwomba Ruhanga awarudishe nyumbani. Kabla hajakata roho alimwapisha mkewe kwamba mjukuu wa kwanza kuzaliwa Rwanda ataitwa Byaruhanga, yaani wa Ruhanga. Winifred alivuka mpaka na kiapo hicho, na hakuna kitu kingine alichokuwa amebaki nacho cha marehemu isipokuwa ile Biblia.

"Byaruhanga!" Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. "Bamwana, mkwe mwenzangu, mtoto akienda shule watamuuliza, wewe iko wa wapi? Hapa Mungu ni Imana. Iko ndani ya Biblia. Aitwe Byimana, c'est tout, basi."

"Biblia gani?" Winifred akafoka. "Mimi najua yangu. Huyo Imana yenu alikuwa wapi miaka yote tukilala kwenye turubai? Ruhanga ndiye alikuwa na sisi kule!"

"Byimana na Byaruhanga si jina lile lile?" nikauliza kutoka kitandani.

"Wewe nyonyesha," wakanijibu kwa pamoja. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana wiki ile.

Kinyarwanda cha Winifred kilikuwa nusu Kinyankole, na cha Shangazi nusu Kirundi, kwa hiyo wakianza kugombana walihamia Kiswahili, ambacho walikivunja sawasawa bila kupendelea. Neno la mwisho lilikuwa la mume wangu Benon, maana kwa desturi baba ndiye anayelifunga jina. Benon ghafla akawa na kazi nyingi mno ofisini, hata Jumapili.

Siku ya nane baada ya kuzaliwa, watoto wa majirani huitwa. Wanalima kidogo uani, mtu mzima anawarushia maji na kupiga kelele kwamba mvua inanyesha, wanakimbilia ndani, wanakula, kisha kila mmoja anampa mtoto mchanga jina. Wakubwa hufuata. Majina ya watoto ni ya kuchekesha tu, lakini watoto wote wakitaja jina moja, baba gani atathubutu kulikataa? Wazo hilo lilimjia Winifred. Kwa bahati mbaya lilimjia na Shangazi.

Mimi niliona kila kitu dirishani. Winifred aliwaita watoto nyuma ya choo, akawagawia biskuti, akawafundisha polepole, "Bya-ru-ha-nga." Haukupita muda Shangazi akawaita nyuma ya jiko na beseni la maandazi, "Byi-ma-na." Wale watoto walishinda wakizunguka nyumba yetu, kutoka choo hadi jiko na kurudi, mashavu yamejaa. Hakuna bibi aliyeshtuka kwamba wanafunzi wake walikuwa wanajifunza haraka mno.

Siku ilipofika, Nyiransabimana ndiye aliyeongoza, kwa sababu wageni kutoka nchi tatu walikuwa na desturi tatu. Alileta majembe matatu madogo, mipini yake imelainishwa na mikono ya kitoto. Hakusema yalikuwa ya nani, nasi hatukuuliza. Watoto wakalima, mvua ya kwenye kikombe ikanyesha, wakaingia ndani wakipiga makelele.

Kabla ya kula ilibidi kusali. Winifred akaanza, "Ruhanga..." na Shangazi naye akaanza, "Imana..." na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Maharage yakapoa katika lugha mbili, nami chini chini nikaongeza ya tatu. "Mungu," nikasema, "wanyamazishe." Nyiransabimana hakufumba macho wala hakusema amina.

Watoto walipokwisha kula, wa kwanza kusimama alikuwa Annick, binti wa fundi cherehani.

"Byimana," akasema. Akafikiri kidogo. "Na Byaruhanga. Biskuti zilikuwa mbili na maandazi mawili."

"Mimi maandazi matatu," akasema mwingine. "Byimana!"

Wa tatu akauliza kama kuna bibi mwenye soda, maana yeye alikuwa bado hajaamua.

Nilicheka mpaka mtoto akaniponyoka kwenye titi. Winifred aliinamisha kichwa. Shangazi akawa anafunga kilemba kilichokuwa kimefungwa vizuri tangu asubuhi. Kisha macho yote yakamgeukia Benon, na Benon, jasho linamtoka, akatafuta pa kujificha.

"Mama," akamwambia Nyiransabimana, "wewe ndiye wa hapa. Tuambie. Hapa Mungu anaitwaje?"

"Nilipokuwa mdogo," akajibu, "mapadri walitufundisha kusema Mungu. Waliona Imana ni jina la kipagani. Mama yangu alikuwa akisema Mungu kanisani, akifika nyumbani anasema Imana. Baadaye mapadri nao wakabadilika, wakasema kumbe ni Imana. Mama alisema wamechelewa, lakini wamefika."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa hiyo ni Imana," Shangazi akadakia.

"Ni Imana. Mwezi wa nne niliita jina hilo mpaka sauti ikaniisha. Wanangu nao waliliita." Akakung'uta sketi yake, ingawa haikuwa na vumbi. "Tangu siku hizo siliiti tena. Hata jina langu mwenyewe, kwa kuwa hilo limo ndani yake, mkiniita naitika kwa adabu tu."



Winifred ndiye aliyeinuka. Akapiga magoti mbele ya yule mama na kumwekea mjukuu mapajani.

"Mwite utakavyo wewe," akasema. "Mume wangu atanielewa. Na asiponielewa, nitamweleza nikifika."

Nyiransabimana akamtazama mtoto.

"Lile la kwenu," akasema. "Ulilokuwa unasali nalo. Litaje tena."

"Ruhanga."

"Hilo sijawahi kuliita nikakosa jibu." Akamsogeza mtoto karibu na uso wake. "Byaruhanga."

"Byaruhanga!" Benon akalifunga papo hapo, kabla mtu hajabadili mawazo. Winifred akalia kwa sauti. Shangazi alifanya ishara ya msalaba na kufungua mdomo, kisha, sijawahi kuliona hilo tena, akaufunga.

Tangu siku ile, kila asubuhi Nyiransabimana akifagia uwanja husimama mbele ya dirisha letu na kuita, "Byaruhanga!" Husubiri kidogo, kisha huendelea kufagia. Mwanangu alikuwa amelala, au ananyonya, hana habari. Nilitamani nimfinye.

Asubuhi moja aliita kama kawaida, na kijana wangu akapasua ukelele uliowatawanya kuku wa uwanja mzima. Nikatoka naye mbio. Nyiransabimana alikuwa amesimama, ufagio umemwanguka.

"Ameitika," akaniambia. "Mukunde, umesikia? Ameitika."

Akaita tena.