Risasi ya Baridi

Mama Dobi alifungua kifuniko cha pasi yake ya mkaa, akapuliza majivu ya zamani, kisha akatia ndani risasi iliyomuua mwanawe. Pasi ikapata moto kabla hajamaliza kunyunyizia maji shati la kwanza. Mkaa umepanda bei, na risasi ile haizimiki. Kwa upande huo hakuwa na la kulalamika.

Nesi ndiye aliyemkabidhi, siku ya uchaguzi, ndani ya bakuli la chuma, maana pamba zote zilikuwa zimeshaungua. "Shika kwa kitambaa, mama," alimwambia. "Bado ya moto." Kijana wake alikuwa amesimama nje ya kituo cha kura akiuliza kwa nini matokeo hayabandikwi mlangoni. Kuuliza tu. Askari wakamjibu.

Jioni yake Msemaji wa Serikali akatokea kwenye televisheni, uso mkavu, akasema askari walitumia nguvu ya kadiri na risasi za baridi, zile za kutishia, ambazo haziui mtu. Kwa hiyo kijana hakupigwa risasi. Alijikwaa. Loo! Mtu aliyecheza mpira tangu hajajua kuvaa viatu, ajikwae kwenye lami iliyonyooka mpaka afe!

Mama Dobi alitaka neno moja tu kutoka kwao. Waseme ilikuwa ya moto, ili mwanawe alale kaburini kama mtu aliyeuawa, si kama mtu aliyejikwaa.

Tume ikaundwa. Mwenyekiti wake, mzee mpole mwenye suti ya kijivu, akafika kwenye kibanda cha Mama Dobi na wajumbe wake.

"Pole sana, mama. Tumekuja kuthibitisha hali ya risasi."

"Karibuni, baba. Iko kazini."

Wakangoja amalize suruali. Alipofungua pasi, Mwenyekiti akatia mkono, akaishika. Ngozi ikalia chwaa! Hakupiga kelele, alikuwa mtu mzima mwenye cheo; alitokwa jasho tu, akaiachia. Mama Dobi akamletea beseni la maji baridi.

"Umeiona, baba?"

"Nimeiona, mama."

Ripoti ilisomwa nchi nzima ikitazama. Mwenyekiti alifunua kurasa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye bendeji mpaka kiwiko. Risasi, alisoma, ilikuwa ya baridi. Wajumbe wakapiga makofi. Mtaani hakuna aliyeshangaa. Fundi viatu wa kibanda cha pili alisema tu kwamba bendeji ilifungwa vizuri.

"Sasa utafanyaje, dada?" akamuuliza Mama Dobi.

"Nitafanya kazi. Mlango wazi."

Watu wakaanza kupita kushika wenyewe. Walimu, makuli, hata mke wa askari mmoja. Kila mtu aliweka kiganja juu ya pasi, akasema "ya moto" kwa sauti, akaenda zake. Foleni ikawa ndefu kuliko ile ya kura, na hii hakuna aliyepewa kazi ya kuihesabu.

Hapo serikali ikakumbuka kwamba risasi ni mali yake. Afande mmoja akatumwa kuichukua. Kanuni zinasema risasi ya baridi hubebwa kwenye mfuko wa plastiki, naye ni mtu wa kanuni. Mfuko wa kwanza ukayeyuka. Wa pili ukayeyuka. Risasi ikabaki chini mlangoni ikifuka moshi kati ya viatu vyake.

Mama Dobi akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Afande, hiyo ni ya moto au ya baridi?"

Afande akaitazama foleni. Foleni ikamtazama.

"Ya baridi," akasema.

"Basi itie mfukoni uende nayo."

Afande akashika mfuko wa suruali yake, akaubana kwa kiganja, akasimama hivyo hivyo juani. Mama Dobi akaiokota risasi kwa koleo, akairudisha ndani ya pasi. Foleni ikasogea, ikimpita afande pembeni.

Kwenye taarifa ya habari kijana alikuwa bado amejikwaa. Mama Dobi akaizima televisheni ya kibandani.

"Haya," akaita, "anayefuata!"