Avokado Kabla ya Sabato

Simu ya Abdirizak iliingia mama akiwa katikati ya ua wa Mama Mose, mkono mmoja kiunoni, akibishania bei. Alitazama jina kwenye kioo, akanipa ishara ya macho nimfuate, tukatoka nje ya lango hadi ubavuni mwa lori.

"Sema," akamwambia.

Abdirizak ndiye mnunuzi wetu ng'ambo ya mpaka wa Isebania. Ana sauti kubwa, nami nilimsikia bila kusogea. Alisema mazungumzo ya wakubwa yamevunjika. Ule ushuru uliotangazwa kuanza Jumatatu sasa unaanza kesho asubuhi. Lori likivuka usiku huu, heri. Likichelewa, asiletewe hata kreti moja, maana kwa ushuru ule hataweza kuuza.

"Na mimi?" mama akauliza.

"Kaltuma, nimekuvumilia sana. Safari hii nikikosa mzigo nampa mtu mwingine kazi. Usione ni ugomvi, dada. Na mimi nina watu wananingoja."

Mama alibaki ameshika simu sikioni hata baada ya kukatika.

Ugomvi wenyewe tulikuwa tumeusikia redioni mwezi mzima. Upande wetu ulizuia mchele wao. Wao wakajibu kwamba avokado zetu zitalipiwa ushuru mpaka mchele upite. Keroka, mjini kwetu, watu walisema ni vitisho vya majirani, kwamba mmoja anamshika mwenzake kola ili asikilizwe, halafu wanakaa wanakunywa chai. Mama naye alisema hivyo hivyo. Sasa alikuwa akivuta ncha ya mtandio wake kama mtu anayetafuta kitu cha kushika.

"Wasijue," aliniambia. "Wakijua tumebanwa watatukamua. Umenisikia, Firdaus?"

"Nimesikia, mama."

"Wewe kunyamaza unajua. Basi nyamaza."

Hakukosea. Nilisomea biashara chuoni, na kila zamu yangu ya kusimama mbele ya darasa ilipofika, nilirudi kukaa kabla sijasema neno. Akina mama hawa wa Manga, wanaotuuzia avokado, niliwapenda kwa sababu hawakunilazimisha kusema. Nikija kukagua avokado, wananipa ndizi ya kuchoma, tunakaa barazani tukitazama mvua ikivuka bonde.

Tulirudi uani. Kreti zilikuwa zimepangwa chini ya paa la stoo, zimejaa mpaka juu. Walikuwa wamechuma tangu umande haujakauka, kwa sababu mama aliwaahidi lori litafika adhuhuri, na bei walishakubaliana wakashikana mikono. Avokado ikiwa mtini inaweza kukusubiri. Ukishaichuma, haimsubiri mtu. Lakini Issack, dereva wetu, alikwenda kuswali Ijumaa kwanza, halafu mvua ikatukuta mlimani, magurudumu yakacheza kwenye matope, tukafika jua limeshainama upande wa Kisii. Na pamoja na kuchelewa kote huko, mama alitaka bei ishuke. Kreti chache tu zilikuwa zimepanda lorini alipoanza maneno hayo, na wanawake wakaacha kubeba.

"Mama Firdaus," Mama Mose alisema tulipoingia. "Simu imesema nini?"

Jina lake ni Nyanchoka, ingawa pale hakuna anayemwita hivyo. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi chao, mwanamke mrefu, mzee kuliko mama, asiyependa kupandisha sauti.

"Imesema biashara ni ngumu," mama akajibu. "Jumatatu ushuru unaanza. Mnunuzi ana wasiwasi. Hatari yote naibeba mimi, na nyinyi mmekaa tu na bei yenu. Tugawane hatari."

"Hatari gani, na Jumatatu haijafika? Ukivuka leo, ushuru utakukuta wapi?"

"Labda una miguu," Bitutu akadakia. Ni mke wa jirani, mdomo wake hauna breki. "Labda umetoka huko tangu asubuhi, unakuja polepole!"

Wakacheka wote. Mimi niliinama nikajifanya natoa tope kwenye kiatu.

Mama hakucheka. Aligeuka akaita nje ya lango, "Issack! Funga turubai." Kisha akawaambia, taratibu kabisa, "Kama bei haishuki, hakuna neno. Nitarudi Jumapili."

Mchezo huo niliujua. Sironga, kwa familia za Kikatoliki tunakonunua ndizi, mama hutaja Jumapili na watu wote wanashtuka, kwa sababu siku hiyo ni ya Misa na hakuna atakayeuza hata mkungu. Kabla Issack hajamaliza kufunga kamba, mzee mmoja huwa ameshasema, "Basi, mama, njoo tuelewane." Nimeona hivyo mara nyingi. Hata sasa mama alisimama ameupa ua mgongo, akingoja kuitwa.

"Jumapili?" Mama Mose alisema, na uso wake ukakunjuka. "Si ungesema mapema! Jumapili ni vizuri sana. Jumapili tuko wote, hata wanaume watasaidia kubeba. Tulikuwa tunakimbizana na jua bure."

Akawageukia wenzake, akasema kwa Ekegusii kreti zirudishwe ndani, kila mtu akaoge, Sabato inaingia jua likizama.

Mama aligeuka polepole. Alikuwa ameishi Keroka miaka yote akiona milango ya Waadventista imefungwa Jumamosi, na bado katika hesabu zake za biashara alikuwa amewaweka Wakristo wote kapu moja. Kwa hawa, Jumapili ni siku ya kukunja mikono ya shati na kufanya kazi. Alikuwa amewatishia na siku waliyokuwa wakiitaka.

Nilidhani atacheka, aseme, "Jamani, nimeshindwa, pakieni." Hakusema. Alimtazama Mama Mose, Mama Mose akamtazama yeye kwa upole, na wanawake wakaanza kuingiza kreti stoo, wawili wawili. Mama alikuwa akingoja Mama Mose aogope kwanza. Mama Mose hakuwa na la kuogopa kwa sababu hakujua. Kwa mawazo yake ushuru ulikuwa bado Jumatatu, na lori lingerudi.

Kreti nyingine ikaingia ndani. Halafu nyingine.

Nje Issack alikuwa akivuta kamba, nami nikisikia turubai likikwaruza vyuma. Mwanga ulikuwa umeshatoka kwenye migomba ya chini, umebaki kwenye paa la mabati na kwenye mapaji ya watu. Nilimsogelea mama. "Mama, waambie," nikanong'ona. Midomo yake ilikuwa imebana mpaka imekuwa mstari.

"Mama Mose," nikasema.

Sauti haikutoka. Nikajaribu tena.

"Mama Mose, hakuna Jumapili."

Walisimama na kreti zao mikononi.

"Ushuru unaanza kesho asubuhi. Simu ilikuwa hiyo. Lori lisipovuka usiku huu mnunuzi anamwacha mama, na hizi zenu hakuna wa kuzichukua. Nisameheni."

"Firdaus!" Mama alinishika mkono juu ya kiwiko, akanikaza.

"Mwache mtoto," Mama Mose alisema. "Mama Firdaus, ni kweli?"

Mama alitazama matope.

"Kumbe na wewe una serikali yako!" Bitutu akapiga makofi. "Unatutoza ushuru hapa hapa uani! Mama Mose, sasa na sisi tupandishe. Ee, tupandishe! Leo ni yeye anayetuhitaji."

Wengine wawili wakaitikia. Nilihisi vidole vya mama vikilegea kwenye mkono wangu. Nilijua anafikiria nini: hivi ndivyo alivyoniambia watafanya, na ni mimi niliyewapa kisu.

Mama Mose alitoka hadi kwenye ukingo wa ua, akaangalia jua juu ya kilima cha Manga, kisha akarudi.

"Na mimi nikianza kubishana, jua litazama tukibishana," alisema. "Bei ni ile tuliyoshikana mikono. Mama Firdaus, sema."

Mama aliuachia mkono wangu. "Ile ile," akasema.

"Basi bebeni! Lakini sikilizeni. Jua likizama, kitakachokuwa ndani ya lango langu kitalala ndani. Kitakachokuwa nje ni cha Mama Firdaus, apakie mwenyewe."

Lango lilikuwa jembamba na lori lilibaki barabarani, kwa hiyo kila kreti ilibidi ipitie pale. Hakuna aliyetembea. Bitutu aliyekuwa akidai bei ipande alikuwa wa kwanza kukimbia, kreti kichwani, akipiga kelele watu wampishe. Tuliacha kuzipandisha lorini, tukawa tunazitupa kando ya barabara tu, kwenye majani, ili zivuke. Mama alivua viatu. Sikuwahi kumwona mama akibeba mzigo tangu tufungue duka letu Keroka, lakini alishika upande mmoja wa kreti, mimi upande wa pili, tukaenda tukirudi, kimya, tukigongana magoti. Mara moja niliteleza na avokado zikamwagika. Hakunigombeza. Alipiga magoti akaziokota, akizifuta kwa mtandio.

"Haraka," alisema. Hilo tu.

Kisha Mama Mose akasimama langoni.

"Limezama," alisema.

Tuligeuka. Juu ya kilima palibaki wekundu mwembamba. Wanawake waliweka chini walivyokuwa wameshika, pale pale walipofikia. Ndani ya stoo bado kulikuwa na safu nzima ya kreti, karibu theluthi ya mzigo.

"Mama Mose," mama alisema. Alikuwa akihema. "Nyinyi pumzikeni. Mimi si wa Sabato. Niruhusu niingie na Issack na binti yangu, tubebe wenyewe. Dakika chache tu."

"Yaya," alikataa kwa Ekegusii. "Hapana."

"Sikuombi ubebe wewe!"

"Nimekusikia. Amri haikuniambia nipumzike mimi peke yangu. Hata mgeni aliye ndani ya lango langu apumzike." Alisema hivyo bila ukali, mkono wake mmoja juu ya nguzo. "Karibu ndani ukae, unywe maji. Kubeba, hapana."

Mama alipiga hatua moja. Mama Mose hakusogea. Kwa kitambo nilidhani mama atampita kwa nguvu, na Issack naye alidhani hivyo kwa sababu aliita, "Mama Kaltuma, twende." Halafu mama akashusha mabega.

"Hizo zilizobaki zitawaharibikia," alisema.

"Tutaziuza tutakavyoweza. Ni hasara yetu pia. Lakini waliochelewesha si sisi."

Tulipakia zilizokuwa nje, sisi watatu. Nyuma ya lango walianza wimbo wa kufungua Sabato, na sauti ya Bitutu ilikuwa juu ya zote.

Ndani ya lori nilikaa katikati. Issack aliendesha kwa gia ndogo, tukiteremka kwenye matope. Mama alinirushia simu mapajani.

"Mpigie Abdirizak."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye msema kweli? Mwambie."

Mikono yangu ilinuka utomvu na jasho. Abdirizak alipokea mara moja.

"Ni Firdaus," nikasema. "Lori limeshatoka Manga. Linavuka usiku huu. Lakini halijajaa. Theluthi moja imebaki."

Nilisikia watu wakizungumza nyuma yake.

"Kwa nini imebaki?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameangalia dirishani.

"Tulipoteza muda kwenye bei," nikasema. "Sisi ndio tuliopoteza."

"Mamako anasikia unavyosema?"

"Anasikia."

Akapumua kwa nguvu. "Leteni hizo zilizopo. Nitazipokea. Iliyobaki naitafuta usiku huu huu kwa mtu mwingine, na huyo nikimwona anafaa nitagawanya kazi kati yake na mamako. Mwambie hivyo."

"Amesikia."

Nilirudisha simu. Mama aliipokea bila kunitazama, akaiweka kwenye pochi, akafunga zipu. Lori lilifika kwenye lami, Issack akabadilisha gia.

"Funika miguu," mama aliniambia baadaye, akanitupia leso yake. "Mpakani kuna baridi."