Cheti Tulichojisainia Wenyewe

…na tena Josiane, mwuguzi wa Lubutu, anasema hapana, kwa sauti ile ile ya upole inayokera, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, inatoka kwenye telefone iliyolala mezani katikati ya nyaya na kikombe cha chai iliyopoa, hapana yaya, dada mkubwa, programu inakataa, imeandika kwa wekundu HUYU SI MTU WETU, na Tshibola anajua vizuri imeandika nini, maana maneno hayo, na programu nzima ya kutafutia watoto waliopotezana na wazazi, aliyaandika mwenyewe, hapa hapa Kindu, miaka mitatu iliyopita, akajiona mjanja, kwa nini umwandikie mwuguzi wa Lubutu lugha ya mafundi wakati unaweza kumwambia wazi kwamba mlangoni kuna mgeni, usifungue… mgeni gani, mgeni ni yeye, ni mashine yake mpya, ile ya zamani ilipigwa radi juzi mchana, majina ya watu yakanusurika kwenye diski ndogo lakini ufunguo wake wa siri ukaungua, na telefone zote za huko msituni, Lubutu, Kama, Kalima, zinakumbuka cheti kimoja tu, kitambulisho cha mashine iliyokufa, cheti alichokitengeneza na kukisaini mwenyewe bila ofisi yoyote kumdhamini, akakipigilia ndani ya programu kama msumari, hiki na si kingine, na Dieumerci, mwenzake wa kazi, alimwambia siku ile, yaya, tuweke na cha pili cha akiba, yeye akamcheka, ufunguo wenye nakala si ufunguo tena, haya cheka basi, cheka leo tukuone… Dieumerci ameinamia telefone, anabembeleza, «Mama Josiane, njo yaya Tshibola mwenyewe iko hapa, mama ya wale watoto watatu iko hapa pia, amekaa mbele yetu,» na ni kweli, Mama Émilienne amekaa karibu na dirisha, mfuko wa nguo za watoto mapajani, vita vya safari hii vilimtenganisha na wanawe njiani, na leo asubuhi jina lake limekutana na majina matatu ambayo Josiane aliyatuma wiki iliyopita, watoto wako Lubutu, wazima, na lori la kuwapeleka Kisangani pamoja na wengine, mbali zaidi na mama yao, linangoja tu dereva amalize kula, ujumbe mmoja kwenye programu na Josiane angewabakisha, lakini ujumbe haupiti, iliyobaki ni sauti, na sauti Josiane haitaki. «Sauti inaigwa, yaya. Wiki ilipita mutu alinipigia hivi hivi, anajua majina ya watoto wote, kumbe alitafuta wa kupeleka mu mashimo ya zahabu. Weye mwenyewe njo ulitufundisha, programu ikikataa na weye kataa, hata kama ni mimi.» Hata kama ni mimi, ndiyo, alisema hivyo, alisimama mbele ya wauguzi na makatekista akasema hivyo huku amenyoosha kidole, wakacheka, «nimutumie programu mupya ku WhatsApp?» Dieumerci anauliza, na Josiane anajibu hata hiyo yaya alikataza, tupokee mu mukono ya mutu tunayemujua, basi, na pikipiki kutoka Kindu hadi Lubutu, kwa barabara ile, mvua hizi, siku mbili ukiomba Mungu…

kipande cha kikwembe, ndicho kilichoanza haya yote, kikwembe, kitenge cha mama chenye maua ya njano, baba alikikata kwa kisu cha jikoni, mkato wa kupindapinda kwa makusudi, ili vipande viwili tu duniani viingiane, Baba Tshimpaka wa reli, Mluba wa Kasai aliyeheshimu karatasi na mihuri maisha yake yote, mpaka mwaka ule mji ulipozingirwa na kila mwenye bunduki akawa na muhuri wake, karatasi zikawa hazina maana, akasema sasa tutajisainia wenyewe, kipande hiki ni chenu, hiki changu, nikimtuma mtu atakuja nacho, asiye nacho msimfungulie hata akiwataja mpaka bibi zenu, akavuka mto kwenda Alunguli kutafuta muhogo, maana tulikuwa tunakula majani, Tshibola alikuwa na miaka tisa na alikuwa na njaa, basi, hilo aseme tu, alikuwa na njaa… na siku ya nne, jua la mchana, mlango ukagongwa, «Mama Tshibola, fungua, ni miye Tambwe wa pirogi, mwenye kuvusha watu, bwana yako njo amenituma, amepigwa masasi ku muguu, iko Alunguli anakuita, ulete dawa,» alijua jina la mama, jina lake, alijua hata kwamba baba hukohoa akicheka, kipande kiko wapi, akauliza mama, sina, mama, sina kipande, walimufunga nacho kidonda, nisingeweza kumutolea… na miaka yote hii ukimwuliza mtu yeyote wa mtaa wa reli atakwambia mke wa Tshimpaka alikataa kufungua, ndivyo mama alivyosimulia matangani, ndivyo alivyoungama kwa padri, nilikataa mimi, akayabeba peke yake mpaka mgongo ukapinda, kumbe mkono wa mama ulikuwa kwenye komeo, komeo lilikwisha kusogea nusu, na aliyemshika mkono huo akaning'inia kwa uzito wake wote wa mtoto mwenye njaa, aliyesema mama, huyu si mtu wetu, baba alisema, alikuwa nani… ni yeye, ni Tshibola, Mungu wangu, ni yeye, na Tambwe akagonga tena, akalia, mwanamume mzima akalia nje ya mlango, akaondoka, na baada ya siku tatu wakamvusha baba akiwa maiti, mguuni maua ya njano yamekauka kwa damu, mama akaleta kipande chake akakiweka kando ya kile, vikaingiana.

«Yaya?» anasema Dieumerci, «yaya, sema naye, weye anakuheshimu, lia kidogo kama inafaa,» na Tshibola anaisogeza telefone, anakohoa, na wakati huo huo moyo unamwambia kitu ambacho hakijawahi kumwambia, kwamba sasa ni yeye aliye nje, yeye ndiye Tambwe, ana habari ya kweli mdomoni na hana kipande, na huyo mwanamke wa Lubutu anayemkatalia watoto wa watu si mkatili wala si mjinga, analinda, analinda kwa alichopewa, angefanya nini zaidi, na kama Josiane hana kosa… anajaribu kumchukia, hawezi, anajaribu kwa nguvu, hawezi, basi na yule mtoto wa miaka tisa anayening'inia kwenye mkono wa mamake, naye je, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwinamia akamwambia neno, baba alikosea, baba mpenzi alikosea, alituachia alama moja tu na moja haitoshi, na yeye akaurithi ubishi huo kama watu wanavyorithi pua… kwenye telefone injini ya lori inawaka, mtoto analia kwa mbali, huenda ni mmoja wao, huenda sivyo, Mama Émilienne amesimama, mfuko umeanguka, anamtazama Tshibola mdomoni. «Mama Josiane,» anasema Tshibola, «umefanya vizuri. Unanisikia? Umefanya vizuri, usifungue.» Lori linakwenda, anasikia gia zake, na Mama Émilienne anauliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, «Wamepanda?» «Wamepanda, mama,» anasema Tshibola.