Gimbi la Jumapili

Mwezi mzima mume wangu Peniamina alitapika kila alichomeza, hata maji. Saratani ilikuwa imeziba njia ya chakula kutoka tumboni. Alhamisi daktari akampitishia mdomoni mpira wenye kamera, akamwekea pale palipoziba kibomba cha waya uliosukwa, bila kisu.

"Hakiponyi," alituambia. "Kinafungua njia, ale kwa raha siku zilizobaki. Lakini vitu laini tu. Pande kubwa litakiziba."

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikamtengea supu ya malenge. Mara akaingia wifi yangu Lagimaina na sinia la magimbi ya kuokwa kwa mawe ya moto na nyama ya nguruwe. Akampakulia kaka yake kwanza, sahani pomoni. Kwetu mkubwa wa nyumba asipoonja, hakuna anayegusa chakula. Na mwanamume hakatai cha dada yake, heri akose pumzi.

Peniamina akashika gimbi.

"Weka chini!" nilifoka.

"Telesia, ni dada huyu."

"Hata angekuwa malaika! Wifi, unataka kumuua?"

"Mimi? Wewe unamnywesha maji ya malenge, mbavu zote nje, halafu mimi ndiye muuaji?"

Nikapasua jipu mbele ya watoto na wajukuu: saratani, kibomba, siku zilizobaki. Peniamina alikuwa amenikataza kumwambia wifi. Alitaka dada yake ampikie bila kumwonea huruma.

Lagimaina akaketi mkekani, akavuta sahani, akaanza kuliponda gimbi kwa vidole, akitoa nyuzi moja moja na kumimina tui, mpaka likawa uji.

"Ulipokuwa mchanga hukuwa na meno, nikakutafunia," alimwambia kaka yake, machozi yakimtiririka. "Leo ningetafuna tena."

"Kwa meno hayo ya dukani, wifi?" nikasema. Akacheka huku analia.

Akamlisha kijiko cha kwanza. Tukangoja, watu kumi na wawili, macho kwenye koo lake. Hakikurudi. Cha pili nacho kikashuka. Ndipo watoto wakagombania nyama.

Nakiri niliona wivu. Miaka thelathini na tisa ya ndoa, na sikuwaza kumpondea gimbi.

Peniamina akapigapiga mkeka kando yake.

"Njoo uone anavyofanya," akaniambia. "Jumapili ni zake. Siku nyingine zote nilizobakiwa nazo, nilishe wewe."